Pudingi ya Matobolwa kwa Usiku wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti nchi ya Mara hukauka na kupoa kwa pamoja. Masika yamekwisha kupita, jua la mchana linawaka bila kizuizi, na jioni joto lote hupaa angani kwa kuwa hakuna mawingu ya kulishika. Si baridi ya Makete wala ya Lushoto. Lakini ukilala Butiama, kwenye nchi iliyoinuka na iliyo mbali kidogo na ziwa, alfajiri utatafuta shuka la pili. Musoma mjini ziwa hukusaidia, maana maji hutunza joto la mchana na kulitoa taratibu usiku, ila ukikaa barazani upepo wa ziwa utakukumbusha kuwa ni kipupwe.

Miezi hiyohiyo ndiyo ya kuanika viazi vitamu. Upande wa Bunda, kunakopakana na Usukuma, utaviona juu ya majamvi, juu ya majabali, juu ya paa za bati, vipande vinavyogeuzwa mchana na kuingizwa ndani jioni. Vilivyokatwa vibichi na kuanikwa ni michembe. Vilivyochemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa, ndipo vikaanikwa, ni matobolwa. Wengi wetu tumeyajua matobolwa kama kitu cha kutafuna na karanga, au cha kuvushia siku ghala linapopungua. Mimi naamini yana haki ya kuwekwa mbele ya mgeni, yakiwa ya moto, yamelowa sosi, na hakuna kinachohitajika kuyafikisha hapo isipokuwa jiko la mkaa, sufuria mbili na mtu asiye na haraka.

Pudingi ya namna hii ina ndugu zake mbali. Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo la maziwa na milima, hoteli ya Sharrow Bay kando ya ziwa Ullswater ilijipatia jina miaka ya 1970 kwa pudingi ya tende inayomwagiwa sosi nzito ya sukari iliyounguzwa. Afrika Kusini wana malva, yenye jemu ya aprikoti ndani, ambayo hutolewa motoni na kunyweshwa sosi palepale kabla haijapoa. Tende kule na aprikoti huku zina kazi moja: kuleta utamu mzito na unyevu usiokauka upesi. Matobolwa yanaifanya kazi hiyo, na sababu yake iko ndani ya kiazi chenyewe. Kiazi kitamu kinapopashwa moto polepole, kimeng'enya kilichomo hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari iitwayo maltosi. Ukikikausha baada ya hapo, maji yanaondoka na sukari inabaki imejibana. Mchembe, kwa kuwa ulianikwa mbichi, haujapitia hatua hiyo, na ndiyo maana ukiutafuna unasikia unga kuliko utamu.

Basi sokoni uliza kabla hujapima: "Mama, haya yalichemshwa kabla ya kuanikwa?" Usipopata jibu la uhakika, tumia macho. Tobolwa ni gumu, lina mng'ao, na ukiliinua juani mwanga unapenya kidogo kwenye kingo zake. Mchembe ni mweupe wa chaki na ukiuvunja unatoa vumbi. Kisha nusa. Matobolwa yaliyoanikwa au kuhifadhiwa jirani na dagaa hushika harufu yake, na kwa mji kama Musoma, ambako dagaa na kila kitu kingine hukaa soko moja, hili si jambo la kupuuza. Harufu hiyo haiondoki kwa kuosha, na sukari ikiungana nayo inazidi kuwa mbaya. Vilevile kataa vipande vyenye madoa meusi au ya kijani. Ukungu una sumu, ile ambayo maofisa wa kilimo huiita sumukuvu, na kuchemsha hakuimalizi.

Ukitaka kuanika mwenyewe, chagua viazi vyenye unga, si vya maji. Vichemshe na maganda yake kwa moto wa wastani hadi viive lakini visivunjike, vimenye vikiwa na joto, vikate unene wa kidole, uvianike juu ya jamvi safi lililoinuliwa kutoka ardhini. Jua la Julai huvimaliza kwa siku chache. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye kianzio cha vitamini A kwa wingi, vinafaa pia na vinaipa pudingi rangi ya kupendeza, lakini jua kali hupunguza vitamini hiyo, hivyo vifunike kwa kitambaa chembamba na uvitoe mara vikikauka. Aina hizo nyingi zina maji zaidi, kwa hiyo utahitaji maziwa pungufu kidogo utakapofika kwenye rojo.

Sasa vipimo, kwa watu sita hadi wanane. Kikombe ninachokitaja ni cha robo lita. Matobolwa yaliyokatwa vipande vidogo, kikombe kimoja kilichojaa. Maziwa vikombe viwili na nusu kwa jumla, kimoja na nusu cha matobolwa na kimoja cha sosi. Unga wa ngano kikombe kimoja. Unga wa ulezi nusu kikombe. Sukari kikombe kimoja, nusu ya pudingi na nusu ya sosi. Mayai mawili. Samli vijiko vikubwa sita, vinne vya pudingi na viwili vya sosi. Beking pauda vijiko viwili vya chai. Chumvi, robo kijiko cha chai. Iliki punje sita zilizotwangwa, na tangawizi kavu ya unga kijiko kimoja cha chai. Kwa kuifanya sosi iwe nzito, weka kando kijiko kimoja kikubwa cha unga mweupe wa muhogo.

Kuhusu samli, nina msimamo. Siagi ya dukani itafanya kazi, na majarini nayo itashikilia pudingi isianguke, lakini huu ni mkoa wa wafugaji, na samli ya nyumbani iliyotengenezwa vizuri ina harufu ambayo kopo la dukani haliwezi kuileta. Ikiwa jirani yako anaitengeneza, nunua kwake. Ikague tu isiwe imechacha: samli iliyochacha huwasha kooni, na sukari haiwezi kuificha.

Ulezi nao una nafasi yake, na usidanganyike ukauongeza kupita kipimo kwa kuupenda. Unga wa ngano ukilowa hutengeneza utando unaovutika, na utando huo ndio unaoshika mapovu ya beking pauda ili pudingi iumuke. Ulezi hauna kitu hicho. Ukiweka nusu kikombe kwa kikombe kimoja cha ngano, unapata rangi ya udongo na ladha ya uji wa ulezi tuliokulia nao. Ukigeuza vipimo, pudingi italala chini, nzito, na itakatika vipandevipande. Chekecha unga wa ulezi hata kama wa mashine unaonekana laini, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kumharibia mtu tonge lote.

Anza na matobolwa saa kadhaa kabla. Yaoshe, yaloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa saa mbili, kisha mwaga maji hayo. Yaweke kwenye sufuria na maziwa kikombe kimoja na nusu, uyapike kwa moto mdogo ukiwa umefunika, ukikoroga kila baada ya dakika chache, kwa nusu saa hadi dakika 40. Maziwa yatapungua na kuwa ya rangi ya krimu. Vipande vikilainika, viponde kwa mwiko, lakini usivisage vyote. Acha theluthi moja hivi vikiwa vipande vidogo, kwa sababu ni raha kukutana navyo ndani ya pudingi, vimelainika huku vikiwa bado na ukinzani kidogo kwenye jino. Ukiwa na michembe tu, ichemshe kwanza kwa maji mpaka iive kabisa, ndipo uipike na maziwa, na ongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari. Ukiwa na viazi vibichi, vichemshe, uponde vikombe viwili, na utumie nusu kikombe tu cha maziwa.

Neno moja kuhusu maziwa yenyewe. Maziwa yanayopita mitaani yawe yamechemka nyumbani kwako kabla ya kufanyiwa lolote, kwa ajili ya kujikinga na magonjwa ya ng'ombe yanayompata binadamu. Na ya mchana, ambayo yametembea juani tangu asubuhi, yajaribu kwanza: weka vijiko viwili kwenye kikombe cha bati juu ya moto. Yakikatika, yafanye mgando. Kwenye sosi hayafai, maana ukiyaunganisha na sukari ya moto utapata mabonge yasiyorudi.

Rojo ya matobolwa ikiwa inapoa, shughulikia chombo. Bakuli la bati, la enameli, au sufuria ndogo isiyo na mikono, yenye ujazo wa lita moja na nusu hadi mbili, inatosha. Lipake samli ndani pote, hasa kwenye kona za chini, kisha nyunyiza unga kidogo na ukung'ute unaozidi. Tafuta sufuria kubwa ambayo bakuli hilo litaingia na kubaki na nafasi ya vidole viwili kila upande, na ambayo mfuniko wake unakaa sawasawa. Hapa kuna mtego wa nyumba zetu za kando ya ziwa. Sufuria kubwa ya nyumbani mara nyingi ndiyo ya kupikia sato na sangara, na mvuke hubeba harufu yoyote iliyojificha kwenye mfuniko na kuipeleka moja kwa moja kwenye pudingi. Isugue kwa majivu na limau, pamoja na mfuniko, ndani na kwenye ukingo wake, kisha chemsha humo maji matupu na kuyamwaga.

Chini ya sufuria kubwa tandika vipande vya uti wa jani la mgomba, vilivyokatwa na kupangwa mkingamo, ili bakuli lisiguse chuma cha moto. Kitambaa safi kilichokunjwa mara nne kinafaa pia. Mimina maji yafike katikati ya kimo cha bakuli, yaanze kuchemka kabla hujachanganya unga. Ni muhimu yawe yanachemka tayari, kwa kuwa beking pauda huanza kazi mara inapolowa na haisubiri.

Piga samli vijiko vinne na sukari nusu kikombe kwa mwiko mpaka vichangamke na rangi ipauke. Vunja yai la kwanza, lipige likubali, kisha la pili. Mchanganyiko ukionekana kukatika, ongeza kijiko cha unga na utashikana. Tia rojo ya matobolwa iliyopoa kiasi cha kuvumilika kwa kidole, maana ikiwa ya moto itaivisha mayai. Chekecha pamoja ngano, ulezi, beking pauda, chumvi, iliki na tangawizi, uvitie kwa mikupuo mitatu ukikunja taratibu kutoka chini kwenda juu. Acha mara tu usipouona unga mkavu. Ukiendelea kukoroga kama anayesonga ugali, utando wa ngano utakaza na pudingi itakuwa ngumu. Rojo sahihi huanguka kutoka kwenye mwiko kwa mzigo wake wenyewe, bonge baada ya bonge. Ikitiririka, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha unga. Ikigoma kuanguka, ongeza vijiko viwili vya maziwa.

Mimina kwenye bakuli lisizidi theluthi mbili, kwa sababu itapanda. Babua jani la mgomba juu ya moto mpaka lilainike na kung'aa, lipake samli, ulifunike juu ya bakuli ukiacha mkunjo mmoja katikati wa kupisha pudingi inapoumuka, kisha funga kwa kamba chini ya ukingo. Karatasi ya bati la jikoni inaweza kushika nafasi yake, lakini jani linaacha harufu yake tulivu na halina gharama. Litumbukize bakuli kwenye sufuria, funika, na kama mfuniko unacheza weka jiwe juu.

Sasa saa. Vitabu vya mapishi husema pudingi ya ukubwa huu iive kwa mvuke kwa saa moja na nusu. Wanaoviandika wengi hupika karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi karibu moja pungufu. Maana yake ni kwamba maji ya Musoma huchemka kwenye nyuzi kama 96, na hayatazidi hapo hata ukijaza mkaa hadi juu. Moto mkubwa utakupotezea maji tu. Kinachofidia ni muda. Ipe saa moja na dakika 45 Musoma na Bunda. Butiama, ambako umepanda zaidi, ipe saa mbili. Habari njema ni kwamba pudingi ya mvuke haina kinyongo: robo saa ya ziada haiidhuru, wakati robo saa iliyopungua inakuachia unga mbichi katikati. Akina mama wanaosema keki zao za mvuke hazishiki, huku wakifuata kitabu neno kwa neno, mara nyingi wamepungukiwa na muda huo tu.

Maji yachemke kwa utulivu, usikie bakuli likigongagonga polepole. Kila baada ya nusu saa angalia kimo chake na ongeza maji yanayochemka kutoka kwenye birika, kamwe si ya baridi. Usifunue katika nusu saa ya kwanza, wakati pudingi inapoumuka. Jiko la mkaa liweke mahali upepo wa ziwa haulifikii, kwa kuwa upepo huumaliza mkaa mapema na kuleta moto wa kupanda na kushuka. Kama unauonea mkaa huruma, na bei yake inakulazimisha, pika kwa saa moja na dakika kumi, kisha ichukue sufuria nzima ikiwa inatokota, uiingize kwenye kapu lililojazwa majani makavu na nguo kuukuu, uifunike kwa blanketi na kuiacha kwa saa moja na nusu bila kufunua. Sharti sufuria iwe na maji ya kutosha, maana ni hayo yanayobeba joto. Ukikuta bado ina ubichi, irudishe motoni kwa robo saa.

Wako watakaoniambia wanataka ganda kavu la kahawia kama la keki. Watu wa Pwani wamelijua jambo hilo siku nyingi kupitia mkate wa kumimina: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na pudingi inaiva kwa kupaliwa moto kwa dakika 50 hivi. Inawezekana, na ni tamu. Kwa kipupwe mimi nachagua mvuke, kwa sababu pudingi ya mvuke ni laini na ina vinyweleo vilivyo tayari kunywa sosi, na sosi ndiyo tunayoielekea.

Dakika 20 kabla ya kuepua, anza sosi. Watoto wakae mbali. Sukari iliyoyeyuka ina joto linalopita sana la maji yanayochemka, na ikirukia ngozi hung'ang'ania. Weka sukari nusu kikombe kwenye sufuria kavu yenye kitako kizito, moto mdogo, usikoroge. Tikisa sufuria inapoanza kuyeyuka pembeni. Itakuwa ya dhahabu, kisha rangi ya asali, kisha rangi ya chai kavu iliyokolea. Hapo ndipo pa kuitoa. Sekunde chache baadaye inakuwa nyeusi na chungu, na hakuna dawa isipokuwa kuanza upya. Ukiwa nje ya moto, tia samli vijiko viwili, koroga, kisha maziwa ya moto robo tatu ya kikombe, kidogokidogo. Itafoka, na sukari itajikunja kuwa bonge gumu. Usiogope wala usiitupe. Irudishe kwenye moto mdogo na ukoroge kwa subira. Bonge litayeyuka lote.

Koroga unga wa muhogo kwenye robo kikombe ya maziwa iliyobaki, yakiwa ya baridi, umimine kwenye sosi huku ukikoroga. Itachemka, itang'aa, itashika mgongo wa kijiko. Chumvi punje chache huamsha ladha yote. Unga wa udaga, kwa uchachu wake wa kuvundikwa, uuache kwa ajili ya ugali. Hapa panahitajika unga wa makopa meupe ya muhogo mtamu, uliokauka vizuri. Na kwa muhogo usifanye mzaha hata kwa kijiko kimoja. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilipatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu na ambao wataalamu waliuhusisha na muhogo mchungu ulioliwa bila kuandaliwa kwa muda unaotakiwa. Mama zetu waliposisitiza kuvundika na kuanika kwa siku zake zote, walikuwa wanalinda miguu ya watoto wao. Ukiwa na shaka na unga wako, tumia kijiko cha unga wa ngano na upike sosi dakika tano zaidi.

Ipua bakuli, fungua jani, choma pudingi katikati kwa kijiti safi kirefu. Kikitoka bila rojo, imeiva. Iache dakika tano ijikusanye, pitisha kisu kando, funika kwa sinia lenye kingo, geuza kwa mkupuo mmoja. Palepale, ikiwa inafuka, itoboetoboe kote kwa kijiti hichohicho na umimine nusu ya sosi, ambayo nayo iwe ya moto. Kukutana kwa moto na moto ndiko kunakofanya kazi. Pudingi ikiwa imepoa, vinyweleo vyake vimejifunga, na sosi itateleza na kutuama kwenye sinia. Sosi ikiwa imepoa, ni nzito mno kuingia. Vikiwa vya moto vyote viwili, utaiona inazama mbele ya macho yako, na ndani ya dakika kumi utakuwa na kitu kilicholowa mpaka katikati. Nusu iliyobaki ya sosi izungushwe mezani, kila mtu ajiongezee.

Kwa wazee nyumbani, kata vipande vidogo na uwape wao kwanza, na vijiko, kwa sababu ni laini na haiwasumbui waliopungukiwa na meno. Kwa wageni wengi, gawa rojo kwenye vikombe vya bati vilivyopakwa samli na uvipike kwa mvuke kwa dakika 50. Kila mmoja anageuziwa chake. Anayependa karanga, na Mara karanga hatuzikosi, azikaange, azitwange zisilainike sana, azinyunyize juu baada ya sosi. Zikitiwa ndani zinalowa na kupoteza ukavu wake. Hakuna haja ya kuongeza sukari kwenye chai inayoandamana nayo. Chai ya rangi yenye tangawizi, isiyo na kitu, inasafisha kinywa baina ya tonge na tonge.

Ikibaki, na katika baridi hii itakaa hadi kesho yake bila friji ikiwa imefunikwa, ikate vipande vya unene wa vidole viwili asubuhi na uvikaange kwa samli kidogo kwenye kikaango mpaka kila upande ukamate ganda. Ile sukari iliyozama jana itaungua kidogo kwenye chuma, na baadhi ya watu nyumbani kwangu wanaisubiri hiyo kuliko pudingi yenyewe. Sosi iliyobaki ina maziwa, kwa hiyo ichemshwe upya kabla ya kulala na tena kabla ya kuliwa. Ikifika siku ya pili, imwagwe.